Papa anayeishi ndani ya valizi

Katika makanisa yetu ya Bukavu, Goma, Uvira, Beni na Butembo kuna wakristo ambao majina yao yamo katika kitabu cha washiriki, lakini tunawaona ibadani mara nne au tano tu kwa mwaka. Si wavivu, wala hawajarudi nyuma. Wako Tchad, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Mali, Haiti na kwingineko, na huko wanaitwa ekspatrie. Wengi wao ni wakuu wa kazi: mmoja anaongoza mradi wa maji, mwingine anasimamia fedha, mwingine magari na depo, mwingine biro nzima. Tunapowaombea tunasema, "Bwana, uwalinde wasafiri wetu," kisha tunapita kwenye ombi lingine. Nimeona kwamba hatuwaombei vizuri kwa sababu hatujui wanaishi namna gani. Mimi mwenyewe sikujua, na nilikosea, kama nitakavyoeleza.

Neno ekspatrie sisi watu wa mashariki tunalijua kutoka upande mwingine. Tangu Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka kwa wingi kuingia kwetu, magari meupe yenye bendera na antena ndefu hayajatoka tena katika barabara zetu. Ekspatrie tulimjua: mtu mwenye redio mkononi, anayekaa Himbi nyuma ya ukuta mrefu, anayelipa nyumba kwa dola, anayekimbilia ndani jua likianza kushuka, asiyekula kwa mtu. Tulisema anajivuna. Tulisema amekuja kula pesa za wakimbizi. Wakati huo huo watoto wetu waliingia katika biro zile kama walinzi, madereva, wafasiri na watu wa hesabu, na kazi ikawafundisha. Volkano ya Nyiragongo mwaka wa 2002, vita baada ya vita, halafu Ebola ya Beni na Butembo iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020: yote hayo yalikuwa shule ngumu, na waliotoka humo wanajua mambo ambayo hayafundishwi katika chuo. Leo shirika likitafuta mtu anayeweza kugawa chakula bila fujo, anayesema Kifaransa na asiyeogopa njia mbaya, mara nyingi linampata Mkongomani. Ndivyo mtoto wa Kadutu amekuwa yeye mwenyewe mtu wa gari jeupe katika mji wa wengine. Huko Abéché kuna kijana anayemtazama jinsi sisi tulivyowatazama wale wa Himbi.

Nitachukua mfano wa ndugu mmoja wa kanisa letu. Ameniruhusu kueleza, mradi nisitaje jina lake wala shirika lake. Biro yake iko N'Djamena, mji mkuu wa Tchad, lakini kazi yenyewe iko mbali, mashariki, karibu na mpaka wa Sudani. Vita vilipoanza Sudani Aprili 2023, watu wa Darfur walivuka kwa wingi kuingia Adré na vijiji vya jirani, na hadi sasa kuna kambi kubwa huko. Kwa hiyo ndugu yetu ni mgeni mara mbili: ni mgeni N'Djamena, na kila wiki mbili anaondoka tena kwenda misioni mashariki.

Tuanze na njia, maana watu wengi wanafikiri anapanda ndege tu na kufika. Anatoka Bukavu asubuhi, anavuka Ruzizi, anapanga mstari kwa muhuri wa kutoka, kisha mstari mwingine kwa muhuri wa kuingia. Halafu basi linapita msitu wa Nyungwe hadi Kigali, karibu siku nzima. Analala Kigali au anakaa uwanjani, anaruka mpaka Addis Ababa, anangoja, anaruka tena mpaka N'Djamena. Hiyo ni siku mbili. Akishafika anakaa siku chache kwenye mikutano, kisha anapanda ndege ndogo ya UNHAS, ile inayoendeshwa na PAM kwa ajili ya mashirika, mpaka Abéché. Kutoka hapo ni gari, kwenye mchanga. Kuna mito ambayo miezi mingi ni mchanga mkavu tu, watoto wanachezea ndani. Mvua ikinyesha, mto unajaa kwa muda mfupi na gari linalala ng'ambo moja na watu wake. Anasema amejifunza kubeba daima maji, mswaki na kitenge cha kujifunika, hata kama safari ni ya kwenda na kurudi siku ileile.

Karatasi nazo ni kazi. Pasipoti yake inajaa mihuri kabla ya kuisha, na ikibaki miezi chini ya sita nchi nyingi hazimpokei. Viza ya Tchad ina tarehe zake, kibali cha kwenda mashariki kina tarehe zake, na ndege ina siku zake. Tarehe moja ikikataa, zote zinaanguka. Hata kile kitabu cha njano cha chanjo kimewahi kumletea shida. Tangu Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa kuwa ya maisha yote, si ya miaka 10 kama zamani, lakini kwenye mpaka mmoja askari alikataa kusikia habari hiyo. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa, mkuu wa mradi mzima, kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

Je, akifika kazini anafanya nini? Watu wa kwetu wanafikiri mkuu ni mtu wa kukaa na kutoa amri. Kwa kweli siku yake kubwa ni sahihi. Kila ununuzi, kila safari ya gari, kila mshahara wa kibarua unapita mezani pake, na kosa moja katika bajeti linaweza kurudi kwake miaka miwili baadaye wakaguzi wakija. Mchana anaonana na wakuu wa serikali, machifu, wawakilishi wa wakimbizi. Jioni, wengine wakipumzika, anaingia katika mkutano wa intaneti na watu wa Ulaya, na intaneti inakatika. Ripoti za wafadhili zina siku yao ya mwisho, wala hazijui kama ulikuwa na malaria.

Kisha kuna nyumba. Anaishi katika nyumba ya shirika pamoja na watu wengine watano au sita, kila mmoja na chumba chake. Kwenye friji kila chupa ya maziwa ina jina la mwenyewe. Kutembea kwa miguu mjini hairuhusiwi katika sehemu nyingi, na jioni kila mtu lazima awe ndani, akijibu kwenye redio kwamba yupo. Mwezi wa Aprili na wa Mei joto linapita digrii 40. Jenereta ikizimwa usiku, hakuna anayelala. Lakini kilichonigusa zaidi alichoniambia si joto. Ni kwamba hana rafiki. Wale anaokula nao jioni ndio atakaowaandikia alama mwisho wa mwaka. Mmoja wao akikosea fedha, ni yeye atakayemwachisha kazi. "Pasta," aliniambia, "pale wote wananiita chef. Hakuna anayeniita jina langu."

Na wenyeji wa Tchad wanaofanya kazi chini yake wanajua kwamba mshahara wake si kama wao. Wanajua pia kwamba baadhi yao wana diploma kama yake. Hili linamuuma kwa namna ya pekee, maana miaka ya nyuma hapa Bukavu yeye alikuwa upande ule. Alimfundisha kazi ekspatrie mmoja kijana, akamwonyesha njia, akamfasiria, halafu akaona mkataba wa yule kijana umesahauliwa kwenye mashine ya fotokopi. Hakuweza kusahau tarakimu ile. "Sasa mimi ndiye yule niliyekuwa nikimlalamikia," anasema. Hajapata jawabu lake. Anachojaribu ni kuandaa mwenyeji mmoja ili ashike nafasi yake, na ameiandika katika mpango wa kazi ili isibaki maneno tu.

Sasa kuhusu konje. Katika vituo vigumu ambavyo familia hairuhusiwi kufika, mfanyakazi anapewa pumziko kila baada ya muda fulani. Katika mashirika ya Umoja wa Mataifa muda huo unaweza kuwa wiki 6, 8 au 12 kulingana na ugumu wa mahali. Mapumziko yenyewe ni siku tano pamoja na siku za njia. ONG nyingi zina mipango inayofanana na hiyo. Konje ya mwaka ni kando. Kwa hiyo tunapomwona ibadani, mara nyingi amebakiza siku mbili au tatu kabla ya kurudi. Na siku hizo zimejaa kabla hajafika. Kaka mkubwa ana neno la parsele. Mjomba ni mgonjwa. Shule inataka kumwona mzazi. Shemeji ana mtoto aliyemaliza masomo na anatafuta kazi, "wewe ni mkubwa, huwezi kukosa nafasi." Kamati ya ujenzi wa kanisa inapita jioni.

Hapo ndipo kosa langu. Jumapili moja nilimwona ameketi nyuma na mkewe, nikafurahi, nikasema mbele ya wote, "Leo tuko na ekspatrie wetu!" Watu walipiga makofi. Tulikuwa tunatafuta mabati ya upande wa wanawake, nami nikamwita mbele. Alitaja kiasi, tukashangilia, tukaimba. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha. Konje iliyofuata hakuonekana. Mama alikuja peke yake na watoto. Na ile iliyofuata vilevile. Nilipokwenda kumwona niligundua kwamba pesa zile zilikuwa za ada ya shule, na kwamba Mama alikopa kwa jirani ili watoto wasirudishwe. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba anapoingia kanisani anaona watu wakigeuka, na anajua wanachohesabu.

Nilikaa kwake karibu saa mbili siku ile, na nilijifunza zaidi ya nilivyojifunza katika vitabu. Taa ya sebuleni ilizimika, naye akasimama kuiwasha ile ya ukumbi, akapapasa ukuta, hakupata. Mama alikuwa amehamisha swichi miezi mingi iliyopita fundi alipokuja. Alicheka, lakini akasema kwamba usiku, bila mwanga, anajua swichi ya nyumba ya Abéché iko wapi. Mtoto wao mdogo, msichana, alikuwa na miaka mitatu hivi. Kwake baba ni yule wa kwenye simu. Siku baba alipofika, walimwambia "Papa amekuja," naye akaenda kuchukua simu mezani na kuitazama.

Mke naye ana maisha yake ambayo hatuyaangalii. Yeye ndiye anayeamua kuhusu homa ya usiku wa manane, mwalimu anayepiga, ukuta unaobomoka, mpangaji asiyelipa. Mume akirudi anataka kuamua, na ni haki yake, lakini siku sita hazitoshi hata kujua habari. Wanagombana siku ya pili, wanapatana siku ya nne, na ya sita ni kufunga valizi. Majirani wanamwita tajiri. Upweke unaweza kumfikisha mwanaume au mwanamke mahali pabaya, iwe ni pombe au mtu mwingine; sitasema mengi hapa, kila mchungaji aliyesikiliza ndoa za namna hii anajua.

Mwezi wa Februari 2025 mapigano yalipofika Bukavu, ndugu yetu alikuwa Abéché. Ukutani kwa biro yake kulikuwa na mpango wa kuhamisha wafanyakazi: nani anapanda gari gani, wanakutana wapi, nani anahesabu watu. Aliuandika mwenyewe. Kwa mke wake na watoto wanne hakuwa na mpango wowote. Hakuwa na gari wala mtu wa kuhesabu. Milio ilikuwa inasikika kwenye simu. Benki zilifungwa, na pesa alizokuwa nazo kwenye akaunti hazikuweza kununua hata mfuko wa unga kwetu. Ni mtu wa kanisa aliyekuwa na salio kwenye M-Pesa aliyempa Mama kitu cha kuanzia. Usiku wa pili, msaidizi wake, mtu wa Tchad na Mwislamu, alikuja na birika la chai, akaketi naye chini kwenye mkeka mpaka alfajiri. Hawakuzungumza sana. Ndugu yetu anasema tangu siku ile kuna mtu mmoja anayemwita jina lake.

Juu ya fedha, niseme kwa kifupi, maana ndilo jambo linalotufanya tuwaone vibaya. Ndiyo, analipwa vizuri kuliko mwalimu au muuguzi wa hapa, mara nyingi zaidi, na hakuna haja ya kuficha. Lakini mkataba wake ni wa mwaka mmoja, mara nyingine wa miezi sita, na unakufa pamoja na pesa za mfadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na USAID ikasimamisha kazi zake rasmi tarehe 1 Julai mwaka uleule, watu wengi wa namna yake walipokea barua na kurudi nyumbani wakiwa na valizi ileile. Mtu anayefanya kazi nje ya nchi pia anaweza kumaliza miaka 15 bila hata mwezi mmoja ulioandikwa katika CNSS, kama hakwenda mwenyewe kuuliza habari za mchango wa hiari. Bima ya afya ikisimama, inasimama kwa wote siku moja. Na wakati wote huo analisha sufuria mbili, ile ya huko na ile ya hapa.

Kuna dada zetu pia. Mmoja anaongoza mradi wa lishe ya watoto huko Bangui. Mume wake, mwalimu, amebaki na watoto. Mwanaume akisafiri tunasema amepata kazi. Dada huyu aliposafiri, tuliuliza nani anampikia mume. Swali hili liliulizwa hata katika kikao cha wazee wa kanisa, nami nilikuwepo na sikusema kitu.

Nimekuwa nikisoma tena habari ya Nehemia, mtumishi mkubwa katika jumba la mfalme wa kigeni. Alipoomba ruhusa ya kwenda Yerusalemu, mfalme alimuuliza safari itachukua muda gani na atarudi lini, na malkia alikuwa ameketi kando yake. Nehemia akampa tarehe. Nilipomsomea ndugu yetu mstari huo wa sura ya pili, aliangalia mke wake. Sasa kuna kalenda jikoni, chini kabisa, mahali mtoto anaweza kufika. Siku za baba kuwepo zimepakwa rangi, na siku za katikati mtoto anazikata moja moja kwa kalamu. Simu inapigwa kila jioni saa moja ya Bukavu, ambayo ni saa kumi na mbili ya N'Djamena, na si kwa ajili ya habari za pesa: mkubwa anamsomea baba somo lake. Siku mbili za kwanza za konje hapokei mgeni yeyote. Kaka zake walikasirika mwanzoni. Mmoja bado amekasirika.

Kwa upande wa kanisa tulibadilisha machache. Mashemasi wanatembelea nyumba hizi wakati mwenyewe hayupo, na akiwepo wanamwacha. Kamati ya ujenzi imekatazwa kupita kwa mtu aliye katika konje. Anayetaka kutoa anajua sanduku liko wapi. Hatumwiti mtu mbele tena kwa jina la kazi yake. Na tulitengeneza orodha ya familia saba ambazo baba au mama yuko nje, na kila moja ina jirani mmoja wa kanisa anayejua mlango wa nyuma, mwenye namba ya simu ya shule, na anayejua nani mgonjwa. Tuliitengeneza tukikumbuka Februari. Bado kuna familia mbili ambazo hatujapata mtu wa kukaa karibu nazo, zile za juu, upande wa Panzi. Kama kuna msomaji anayekaa huko, anione baada ya ibada.

Ndugu yetu alirudi Tchad Jumanne. Aliketi ibadani Jumapili ile katika mstari wa nne, na hakuna aliyegeuka, au walau wachache tu. Katika valizi Mama aliweka sambaza zilizokaushwa, zimefungwa mara tatu ili harufu isitoke kwenye ndege. Ni za yule msaidizi wa Abéché. Hajawahi kuliona ziwa Kivu, lakini kila mara ndugu yetu anapotoka konje, kabla ya salamu, anauliza kama wale samaki wadogo wamekuja.